Ziwa Lililonyooshwa

Waliotembea kuliko sisi wanasimulia kwamba zipo nchi saba zilizokaa kuzunguka ziwa moja, na kila nchi inawaona wenzake ng'ambo wakianika nguo. Ziwa lenyewe ni la mviringo kama sinia. Mpandishe mtoto wa miaka minne kilimani, atakuambia hivyo bila kuulizwa mara mbili. Lakini katika ramani zote zilizopigwa muhuri, ziwa hilo limechorwa refu na jembamba, limenyooka, na nchi saba zimejipanga kando yake moja nyuma ya nyingine. Mpango huo unaitwa Foleni, na watu wa kule wakilitaja neno hilo hushusha sauti, kama sisi tunapomtaja mkwe.

Mbele kabisa imesimama Kwanza, ambayo jina lake rasmi ni Nchi Iliyofika. Nyuma yake zimefuatana Pili, Tatu, Nne, Tano na Sita, zinazoitwa kwa pamoja Nchi Zinazokaribia. Mkiani ipo Saba, na cheo chake ni Nchi Inayokuja. Huu ni mwaka wa tisini inakuja, wala hakuna aliyewahi kuuliza imekwama wapi.

Sheria ya Foleni ni nyepesi. Maendeleo huanzia mbele na kuteremka nyuma. Kwanza ikichoshwa na pampu, au gari la wagonjwa, au vitabu vya shule, huipa Pili. Pili ikivichosha huipa Tatu. Na hivyo hivyo mpaka kitu kifike Saba kikiwa kimebaki skrubu na hotuba. Hotuba haichakai, maana husomwa upya kila mpakani.

Uchafu nao una sheria yake. Ziwa lile lina magugumaji, yale majani manene yanayoelea na kuzaana kuliko sungura. Kila nchi huyasukuma ya kwake kwa pondo, yaani miti mirefu ya kusukumia, mpaka yavuke kuingia maji ya nchi iliyo nyuma yake. Yakishavuka, watu hupiga vigelegele, na makarani wa Foleni huandika kwamba nchi imeendelea. Kipimo kingine cha maendeleo hawana.

Saba pekee haikuwa na wa kumsukumia. Kwa mujibu wa ramani, baada ya Saba ziwa linakwisha. Kwa mujibu wa macho, baada ya Saba inakuja Kwanza tena. Ila Kwanza ilishatega wavu wa chuma majini na kujenga ukuta nchi kavu. Ukuta huo hauonekani katika ramani yoyote, kwa kuwa Baraza lilikata shauri kwamba mpaka huo haupo.

Sasa huko mkiani alikuwapo mwanamke aitwaye Mwasiti binti Kombo, fundi wa mitambo, mwenye umri wa miaka hamsini na mbili na mikono iliyokomaa kama ya seremala. Alikulia katikati ya vitu vibovu, na kitu kibovu, mtu asiyekuwa na kingine hukifungua. Watu wa Saba walikuwa wamefungua kila kitu. Pampu iliyoua mafundi wa nchi sita kwa hasira, wao waliifufua kwa waya na uvumilivu. Kwa hiyo magugu yalipowajaa mpaka mlangoni, Mwasiti hakulia. Alichukua injini iliyotupwa na Kwanza, minyororo ya Tatu, magurudumu ya Tano, kipande hiki na kile kutoka kila nchi ya Foleni, akaunda mashine ya kuvuna magugu majini kama mtu avunavyo mpunga. Magugu yakakaushwa, yakasokotwa kamba na kufumwa mikeka. Mengine yalivundikwa yakatoa gesi ya kuchemshia maji ya hospitali na kupikia uji wa shule, na masalia yakarudi shambani kuwa mbolea. Karakana yake ikaajiri watu mia tatu. Tuseme ukweli, walijivuna, na walikuwa na haki ya kujivuna. Vijana wao walianza hata kuiita nchi kwa jina lake la kale, Mikoche, ambalo miaka yote lilikuwa likitajwa harusini tu.

Ndipo ikaja barua ya Baraza la Foleni. Ilisema Nchi Inayokuja haijasukuma hata gugu moja kwa miaka sita, hivyo maendeleo yake ni sifuri. Ilisema pia kuna mashine zinazokwamisha usukumaji, na zitafungwa, isipokuwa mtu aje ajieleze. Watu wa Saba hawakukaa kikao kirefu. Walimtazama Mwasiti, naye akaenda kufunga mzigo.

Kutoka karakana yake mpaka mji mkuu wa Kwanza ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Lakini sheria haimruhusu wa mwisho kumfikia wa kwanza bila kupita kwa wote waliomtangulia, basi Mwasiti alizunguka ziwa zima, na safari ikamla siku arobaini.

Hatutawachosha na vumbi la njiani. Aliyoyaona yanatosha. Katika nchi ya Nne alipitishwa kwenye Wizara ya Kisogo, jengo la ghorofa tisa, ambamo wataalamu huchunguza kisogo cha Tatu usiku na mchana ili kujua itageukia wapi. Aliwauliza kwa nini mabonde yao mazuri namna ile hayakulimwa mpunga. Wakamjibu kwa upole kwamba Tatu haijaanza mpunga, na itakapoanza wao watakuwa tayari, sera imeshaandikwa. Katika nchi ya Pili alilala chini ya mlima mzima wa chuma, na asubuhi akawakuta wenyeji wamepanga mstari kungojea misumari iliyopinda kutoka Kwanza. Aliwauliza na hao. Walimwonea huruma kwa kutoka mbali.

Huko Kwanza alipewa chumba katika Nyumba ya Wanaokuja, nyumba safi yenye dirisha moja. Alipofungua dirisha alikaribia kucheka. Ng'ambo ya ukuta, mwendo wa saa mbili tu kwa miguu, bomba la moshi la vikaushio vya karakana yake lilikuwa likifuka.

Jirani wa nyumba ile alikuwa mpiga pondo wa kikosi cha heshima, mwanamume mpole aitwaye Selemba. Jioni ya kwanza alimletea samaki wa kukaanga, akamsimulia huzuni yake. Alikuwa na upondo wa babu yake, mwekundu, wenye jina la ukoo lililochomwa kwa chuma cha moto. Mwaka uliopita, katika Siku ya Usafi, sherehe yao ya kusukuma magugu, ulimponyoka ukaenda na magugu hadi Pili.

"Nimeandika barua Pili mara nne," alisema. "Wanasema hawajauona. Watu wa nyuma, dada yangu, unawajua walivyo."

"Mimi ndiye wa nyuma kabisa," alisema Mwasiti.

Selemba aliona haya, akamsogezea samaki mkubwa zaidi.

Baraza liliketi kesho yake. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Fumbwe wa Kwanza, mtu mnene wa sauti na mwembamba wa mwili. Aliyeshika makaratasi ni Katibu wa Foleni, Bwana Sheweji, ambaye hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa fomu.

"Mama Mwasiti," alianza Sheweji, "fomu ina mistari miwili. Magugu mliyosukuma, na nchi mliyoisukumia. Yote miwili mmeiacha wazi."

"Hatusukumi, Bwana Katibu. Tunavuna."

"Kuvuna hakuna mstari."

"Si mwongeze mstari?"

Wajumbe walinong'ona. Sheweji alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Fomu hii waliitunga babu zetu."

"Basi nisiwavunjie heshima," alisema Mwasiti. "Tutasukuma. Nielekezeni tu tumsukumie nani."

"Nchi inayofuata," alisema Sheweji, halafu akakatisha, kwa sababu alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe.

"Baada ya Saba hakuna nchi," alisema Mheshimiwa Fumbwe.

"Mheshimiwa, mimi nimetembea siku arobaini, nimekuja kuketi mbele ya bomba langu la moshi. Lile pale dirishani."

Vichwa vilianza kugeuka. Mwenyekiti akaamuru mapazia yafungwe, akisema Baraza halifanyi kazi kwa kuchungulia.

Mjadala ulichukua siku tatu, na hoja iliyojadiliwa ni kama ziwa ni la mviringo. Mjumbe wa Tatu alisema limenyooka, ila limepinda kidogo kwa sababu za kiusalama. Mjumbe wa Nne alingoja Tatu amalize, akasema vivyo hivyo. Mjumbe wa Sita, aliyekuwa akiisukumia Saba magugu yote hayo, alisema ziwa ni suala nyeti na watu wasilikimbilie. Mwasiti aliwasikiliza wote. Hasira ilimpanda, akaimeza, kwa kuwa alijua mtu wa mkiani akikasirika huandikwa kwamba ndiyo sababu yuko mkiani.

Uamuzi ulikuwa huu: mashine zifungwe mpaka Siku ya Usafi ipite, kisha jambo liangaliwe upya. Mwasiti aliuliza amri itafika lini kwao, akijua barua huzunguka ziwa zima. Sheweji alimweleza kwamba maombi ndiyo yanayozunguka. Amri za kufunga hupita katika kidirisha kilichomo ukutani, na hufika kabla chai haijapoa.

Asubuhi iliyofuata alifungua dirisha la chumba chake, na bomba la moshi halikufuka. Alisimama pale muda mrefu. Aliwajua kwa majina watu mia tatu waliokuwa wamesimama vilevile upande wa pili, na aliwaza maji ya hospitali yanachemshwa na nini leo. Hapo ndipo machozi yalipomtoka. Alipokwisha kulia alinawa uso, akavaa kanga yake nzuri, akatoka kwenda sokoni, kwa kuwa hakutaka mtu wa Kwanza amwone mwakilishi wa Mikoche akiwa na sura ya kuomba.

Siku zilikwenda. Ziwa halikusubiri Baraza. Magugu ambayo karakana ilikuwa ikiyatoa kila siku sasa yalibaki majini, na mengine yakaja nyuma yake, maana nchi sita zilikuwa zikisukuma kwa bidii kujiandaa kwa sherehe. Yakajazana kwenye wavu wa chuma. Watu wa Kwanza walikuwa wameamini miaka yote kwamba maji yao ni safi kwa sababu ya wavu na tabia njema. Hawakujua kwamba wavu ulikuwa umesimama kwa sababu nyuma yake kulikuwa na mtu anavuna.

Siku ya Usafi ilifika, jua limewaka vizuri. Jukwaa lilipambwa. Mitumbwi arobaini ilijipanga majini, wapiga pondo wamevaa nyeupe, wote wameelekea kulia ilipo Pili, na migongo yao kushoto, kama sheria inavyotaka. Kugeuka nyuma ni kosa. Ngoma ikapigwa. Wakasukuma, vigelegele vikapaa, na Mheshimiwa Fumbwe akasimama kutangaza kwamba Nchi Iliyofika imefika zaidi.

Wavu ulikatika katikati ya hotuba. Haukupiga kelele kubwa. Magugu yaliingia kutoka kushoto, taratibu, kijani na mapana kama uwanja wa mpira, yakapita nyuma ya migongo ya wapiga pondo na kuziba mdomo wa bomba linalopeleka maji mjini. Watu jukwaani waliyaona. Wapiga pondo waliendelea kusukuma kulia, maana hakuna aliyekuwa amewafundisha upande mwingine.

Aliyegeuka ni Selemba. Baadaye alisema alisikia harufu. Aligeuza kichwa, akatazama, akashuka mtumbwini maji yakiwa kifuani, akawa anapapasa katikati ya majani. Alipopanda ufukoni alikuwa amebeba mti mrefu, rangi yake nyekundu imepauka, na jina la ukoo wake linasomeka. Alikwenda nao moja kwa moja mpaka mbele ya jukwaa.

"Huu niliupoteza kule," alisema, akaonyesha kulia. "Umerudi kutoka huku." Akaonyesha kushoto.

"Uliibwa," alisema Mheshimiwa Fumbwe.

"Mheshimiwa, mwizi gani anapita nchi saba kuja kunirudishia mali yangu?"

Ngoma zilikuwa zimekwisha nyamaza. Bwana Sheweji aliutazama upondo, akaitazama Pili, akaitazama Saba, na mkono wake ukawa unachora duara hewani bila yeye kujua.

Kabla ya saa sita mchana mifereji ya mji ilikauka. Baraza liliitwa kwa haraka, na safari hii mapazia hayakufungwa, kwani wajumbe walihitaji hewa. Mhandisi mkuu wa Kwanza alikiri kwamba nchi yake haina hata mtu mmoja anayejua kutengeneza kitu. Kikiharibika huwapa Pili. Ilibidi waombe mashine ya Saba. Lakini Foleni haina kifungu cha kitu kupanda kutoka nyuma kwenda mbele. Sheweji akapekua vitabu, akapata njia, akaisoma kwa sauti.

"Baraza linaridhia Nchi Inayokuja ihamishiwe mbele ya Kwanza, iitwe Nchi ya Sifuri, ili mashine zake ziteremke kisheria."

Wajumbe wote walimtazama Mwasiti. Naye, tusifiche, moyo ulimruka. Miaka tisini. Mama yake alizaliwa akija, akaolewa akija, akazikwa akija, na hapa binti yake alikuwa akipewa nafasi ya mbele kuliko wa mbele. Aliiona nchi yake imesimama pale juu, na wote hawa wakichunguza kisogo chake. Ilikuwa tamu, akaiacha ikae kinywani kidogo.

Kisha akasimama. "Nawashukuru, lakini sitaki. Nikikaa mbele, kesho mtanipa upondo, na mimi nitamtafuta wa kumsukumia. Mashine ile mnayoitaka ina injini ya Kwanza, minyororo ya Tatu, magurudumu ya Tano. Kila mmoja wenu yumo ndani yake, ila mlikuwa mmejitupa. Sisi tuliwaokota tukawaunga. Tutawaundia nyingine sita, kila nchi ivune ufukoni kwake na ifaidi mavuno yake. Pili italeta chuma kipya kutoka mlimani kwake, si misumari iliyopinda. Nne italima mpunga kwenye mabonde yale, maana mafundi wanakula. Kwanza wana chuo kizuri, watufungulie milango. Na vijana wa kila nchi waje Mikoche wajifunze kufungua vitu."

"Na sisi tuuandike vipi mpango huu?" aliuliza Sheweji. "Msaada wa nani kwa nani?"

"Andika kazi, Bwana Katibu."

"Na masharti yenu?" aliuliza Mheshimiwa Fumbwe. Sauti yake ilikuwa imekonda sasa ikafanana na mwili.

"Sharti moja. Chora ziwa kama lilivyo."

Nje watu wa mji walikuwa wamekusanyika na ndoo. Mjumbe wa Nne, kwa mara ya kwanza katika historia ya wizara yake, hakumngoja Tatu; alisema ziwa ni la mviringo, akashika kifua kana kwamba ameruka shimo. Wengine wakafuata.

Sheweji alitandika karatasi nyeupe mezani. Alichora duara, si zuri sana, akapanga nchi saba ukingoni. Halafu kalamu yake ikasimama. Aliigeuza karatasi huku, akaigeuza kule.

"Namba moja niiweke wapi?" aliuliza, na alikuwa anauliza kweli.

"Kwetu tuna jina," alisema Mwasiti. "Andika Mikoche."

Akaandika. Wajumbe wengine wakaanza kukumbushana majina ya kwao, na yule wa Nne ilibidi atume mtu kwa mama yake kuulizia. Mwasiti hakungoja yaishe. Alikwenda kufunga mzigo wake, kwa kuwa mashine hazifunguki zenyewe, na hospitali ilikuwa imengoja vya kutosha.

Selemba alimbebea mzigo mpaka ukutani, kwenye mlango wa chuma ambao haukuwahi kufunguliwa kwa sababu haukuwapo. Walinzi wawili walikuwa wakimwagia mafuta bawaba. Mmoja alikuwa na daftari jipya, na ilionekana ameagizwa aandike kitu lakini hakuambiwa kitu gani.

"Mama, unatoka wapi?" aliuliza.

Kwa siku arobaini, kila mpakani, swali hilo alilijibu kwa namba. Mwasiti alitazama nyuma, akawaona watu wa mji na ndoo zao. Akamwona Selemba ameegemea upondo wa babu yake.

"Natoka kwa jirani," alisema.

"Na unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Mikoche."

Mlinzi aliandika yote mawili polepole, akapiga muhuri, akamsukumia mlango. Mwasiti akatembea saa mbili. Jua lilikuwa bado juu alipofika karakana, na watu mia tatu walikuwa wamesimama mlangoni wakimtazama anakuja kutoka upande ambako hakujawahi kutokea mtu.